Seva ikijaa kumbukumbu, mwenye duka ndiye mlipaji

MFANYABIASHARA wa Dar es Salaam ni hodari wa kukata bima ya moto, kununua jenereta na kuweka nondo madirishani. Lakini mashine inayoshika mauzo yake yote, ambayo mara nyingi ni kompyuta ya mtumba iliyosukumwa chini ya kaunta, huachwa ijiendeshe yenyewe hadi siku inapogoma.

Inapogoma, si lazima pawe na virusi wala hitilafu ya umeme. Pengine ni diski tu iliyojaa. Na kilichoijaza si mauzo, kwani mauzo ya duka la kawaida ni madogo mno kwa hesabu za kompyuta. Kilichoijaza ni kumbukumbu ambazo mashine hujiandikia yenyewe usiku na mchana bila kuambiwa ikome.

Chukua Segerea. Wakazi wengi wa jiji walioko mbali huijua kwa gereza lake. Lakini anayeteremka kwenye daladala Segerea Mwisho hukutana na maduka ya jumla, ya dawa na ya vifaa vya ujenzi, na biashara imejipanga barabarani kutoka Tabata hadi Kinyerezi. Katika maduka yaliyokwisha kupanuka, keshia haandiki tena kwenye kaunta buku. Anabofya, risiti inatoka, na nyuma ya pazia seva inaandika.

Kinachoandikwa ni kama shajara. Keshia fulani ameingia saa 2:04 asubuhi. Risiti namba fulani imetolewa, kisha imefutwa. Printa imekataa. Mtandao umekatika, mashine imejaribu tena, imeshindwa, imejaribu tena. Mafundi huziita kumbukumbu hizo logi. Kila programu ina zake: ya mauzo, ya hifadhidata, na hata mfumo wenyewe wa uendeshaji.

Katika hali ya kawaida logi si mzigo. Tuseme duka lina kaunta 3, na kila kaunta hutoa risiti 200 kwa siku. Ikiwa kila risiti inaandikiwa mistari 20 yenye herufi 200 kila mmoja, jumla kwa siku ni megabaiti 2.4 tu. Kwa mwaka mzima haifiki gigabaiti moja. Hapo hakuna wa kulalamika.

Tatizo huanza pale fundi anapofunga programu mpya, akaiwasha katika ile hali ya kutafuta kasoro ambamo mashine huandika kila hatua inayopiga, kisha akachukua malipo yake na kuondoka bila kuizima. Kama uandishi huo ni mara 100 ya ule wa kawaida, zile megabaiti 2.4 zinakuwa 240 kwa siku. Baada ya siku 300 za biashara ni gigabaiti 72. Diski ya gigabaiti 128, ambayo tayari imebeba Windows na programu nyingine, haina nafasi hiyo.

Njia nyingine ya kujaza diski ni mtandao kukatika. Mei 12, 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Siku kama hiyo programu iliyozoea kutuma risiti au taarifa za malipo kwenda nje ya duka haikai kimya. Ikiwa imepangwa kujaribu kila sekunde, na kila kushindwa kunaandikiwa kurasa mbili za maelezo zenye kilobaiti 4, hizo ni mara 86,400 kwa siku, yaani karibu megabaiti 346. Mwenye duka anadhani kompyuta imepumzika kwa kuwa hakuna mtandao, kumbe ndiyo siku iliyoandika kuliko zote.

Diski ikifika mwisho, dalili hazisemi ukweli. Keshia ataona skrini imeganda atafikiri ni kibodi. Meneja atazima na kuwasha. Hifadhidata ya MySQL, inayotumika katika programu nyingi za bei nafuu, ikikosa nafasi husimama na kusubiri. Kila dakika hukagua kama nafasi imepatikana, na kila baada ya dakika 10 huandika onyo kwamba diski imejaa. Huliandika wapi? Kwenye logi.

Hapo ndipo fundi huitwa, na foleni ipo mlangoni. Fundi ambaye ameahidiwa fedha zake jioni ana njia moja ya haraka, nayo ni kufuta. Anatafuta faili kubwa kuliko zote, analifuta, mashine inapumua, duka linafunguliwa. Kila mtu anashukuru.

Ni shukrani ya mapema. Kwenye mashine za Linux, faili linaloendelea kuandikwa na programu halitoki kweli kwenye diski hata likifutwa. Jina lake hupotea, lakini nafasi yake hubaki imekaliwa hadi programu hiyo ifungwe na kuwashwa upya. Fundi asiyejua hilo hufuta la kwanza, haoni mabadiliko, hufuta la pili, na hatimaye hufuta lile ambalo halikupaswa kuguswa.

Kwenye SQL Server ya Microsoft hali ni mbaya zaidi. Hifadhidata hiyo ina faili lake la miamala ambalo watu hulifananisha na logi nyingine kwa sababu ya jina, lakini hilo ni kiungo cha hifadhidata yenyewe. Likifutwa kwa mkono, hifadhidata yaweza kukataa kufunguka kabisa. Na sababu ya faili hilo kukua kupita kiasi mara nyingi ni uzembe unaoeleweka: hifadhidata imewekwa katika hali ya kutunza kila muamala, ila hakuna aliyepanga nakala rudufu za faili hilo la miamala. Wengi huamini kwamba wakichukua nakala ya hifadhidata nzima kila usiku, faili la miamala litasafishwa lenyewe. Halisafishwi. Linataka nakala yake peke yake.

Hata hivyo, saa chache za kufunga duka si hasara kubwa kuliko zote. Mauzo ya asubuhi moja yanaweza kufidiwa kesho yake. Kisichofidiwa ni ushahidi.

Wizi wa dukani siku hizi hauhitaji kuvunja mlango. Keshia anauza, anapokea fedha taslimu, mteja anaondoka, kisha risiti inafutwa kwenye mfumo kana kwamba mteja alighairi. Mzigo haupo stoo na fedha haipo kwenye droo, na jambo hilo halionekani hadi siku ya kuhesabu mali. Siku hiyo kitu pekee kinachoweza kusema nani alifuta risiti, saa ngapi na kwenye kaunta ipi, ni logi. Kama fundi aliifuta wiki mbili zilizopita ili kuokoa diski, kesi imekwisha kabla haijaanza. Watabaki wabia wawili wakitazamana kwa mashaka, na mara nyingi ni ndugu.

La kushangaza ni kwamba mashine hiyo hiyo iliyolimbikiza gigabaiti za takataka inaweza kuwa imetupa kumbukumbu zenye thamani. Kwenye Windows, logi ya usalama, ile inayoonyesha nani aliingia kwenye kompyuta, kwa kawaida hutengewa megabaiti 20 tu kiwandani. Ikijaa, mistari ya zamani hufunikwa na mipya. Kinyume chake, seva ya tovuti ya Microsoft iitwayo IIS haifuti logi zake za zamani hata siku moja isipoamriwa. Kwa hiyo duka linaweza kuwa na miaka mitatu ya kumbukumbu za nani alifungua ukurasa wa bei, na lisiwe na hata mwezi mmoja wa nani aliingia kwenye kompyuta ya meneja usiku.

Kamera za ulinzi ndivyo zilivyo pia. Mashine ya kurekodi hufunika picha za zamani pindi diski yake inapojaa. Mwenye duka hajawahi kuchagua idadi ya siku. Ilichaguliwa na ukubwa wa diski aliyouziwa Kariakoo. Akihesabu mali kila baada ya miezi mitatu huku kamera ikikumbuka wiki mbili, kamera hiyo ni pambo.

Kwa maneno mengine, tatizo la logi zilizofura si ukubwa wake. Ni kwamba hakuna aliyeamua. Mwenye duka amemwachia fundi, fundi amemwachia mtengenezaji wa programu, na mtengenezaji huyo yuko ng'ambo na hajui hata kama kuna mahali paitwapo Segerea. Yeye ameweka kiwango kinachomfaa kila mtu kidogo na kisichomfaa mtu yeyote sawasawa. Toleo la 8.0 la MySQL hutunza logi zake za mabadiliko kwa siku 30. Programu ya logrotate, inayokuja na Linux za aina nyingi, mara nyingi hukuta imepangiwa kubadili faili kila wiki na kubakiza wiki 4. Huduma ya journald hujiwekea ukomo wa asilimia 10 ya diski, na haizidi gigabaiti 4. Si viwango vibaya. Lakini si uamuzi wa mwenye mali.

Wazee wa biashara walilijua jambo hili bila kompyuta. Kaunta buku ikijaa, hununuliwa nyingine. Ile ya zamani huandikwa tarehe mgongoni na kuwekwa kabatini, na ya mwaka wa sita huchomwa. Hakuna aliyechana kurasa za mwezi uliopita ili apate pa kuandika leo. Kinachofanywa na logrotate ni hicho hicho: hufunga faili la wiki hii, hulipa jina jipya, hulibana lichukue nafasi ndogo, hufungua jipya, na hutupa lile lililofikisha umri. Logi ikiwa ni maandishi matupu hubanika sana. Faili la gigabaiti moja mara nyingi hubaki kama sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake.

Wapo wasemao haya yote ni kelele, diski siku hizi ni rahisi, nunua kubwa zaidi. Hoja hiyo ina ukweli wake. Kwa duka lenye kaunta moja, kuongeza diski ni nafuu kuliko kulipa mtaalamu, na asiyetaka kusumbuka afanye hivyo. Lakini diski kubwa haizuii programu iliyochanganyikiwa. Inaahirisha tu siku ya kusimama, na siku hiyo ikifika faili limekuwa kubwa kiasi kwamba hata kulifungua lisomwe ni kazi. Aidha, waliopangisha seva nje ya nchi hutozwa kwa kadiri ya nafasi, tena kwa dola. Kuhifadhi takataka kwa fedha za kigeni ni anasa ambayo duka la jumla haliwezi kuibeba kwenye faida yake nyembamba.

Kwa wale wanaodhani mambo ya diski kujaa ni ya maduka ya uswahilini, Toyota ina la kuwaambia. Katika jiji ambalo barabara zake zimejaa magari ya kampuni hiyo, ni vyema kujua kwamba Agosti 29, 2023 viwanda vyake vyote 14 vya kuunganisha magari nchini Japani vilisimama. Shirika la habari la Reuters lilikadiria kuwa viwanda hivyo hutoa kama theluthi moja ya magari yote ya kampuni hiyo duniani. Uvumi wa kwanza ulikuwa wa wahalifu wa mtandao. Baadaye, Septemba 6, kampuni ikaeleza kwamba Agosti 27 kulikuwa na matengenezo ya kawaida ya seva zinazoshughulikia maagizo ya uzalishaji. Katika kazi ya kufuta na kupanga data zilizolundikana kwenye hifadhidata, nafasi ya diski haikutosha, na mfumo ukasimama.

Walikuwa na seva za akiba. Nazo zilipata hitilafu ile ile kwa kuwa zilikuwa kwenye mfumo mmoja, kwa hiyo hawakuweza kuhamia huko. Kazi ilirejea baada ya data kuhamishiwa kwenye seva yenye nafasi kubwa zaidi.

Tofauti ipo, nayo isifichwe. Kilicholundikana Toyota kilikuwa data za hifadhidata, si logi tupu. Lakini funzo kwa mwenye duka ni lile lile, nalo wengi hawalijui: kusafisha nako kunataka nafasi. Programu inayobana faili huandika kwanza faili jipya kabla ya kuliondoa la zamani. Hifadhidata inayofuta rekodi nyingi huandika ufutaji huo kwenye logi yake. Anayengoja diski ifike asilimia 99 ndipo aanze kufagia, anafagia chumba ambacho hakina pa kuweka ufagio.

Upande wa sheria nao umebadilika, na mfanyabiashara anayesema kwamba hayo ni ya makampuni makubwa anajidanganya. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inamtaka mlipa kodi atunze nyaraka zake kwa miaka 5. Kwa hiyo rekodi za mauzo hazipaswi kamwe kukaa kwenye logi inayofutwa kila mwezi. Zina mahali pake, na nakala yake iwe nje ya duka. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka huo huo inaruhusu rekodi za kompyuta zipokelewe mahakamani, lakini uzito wake unapimwa kwa namna zilivyotengenezwa na kutunzwa. Logi ambayo kila fundi ameichezea haina uzito mkubwa.

Kwa upande wa pili ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Hiyo haitaki taarifa za mtu zikae muda mrefu kuliko unavyohitajika. Namba za simu za wateja, majina yao na dawa walizonunua zikiwa zimetapakaa kwenye logi za miaka saba, mwenye duka la dawa amejiwekea bomu stoo. Kutunza kila kitu milele si uangalifu.

Na kuna suala la wakati wa kufuta. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamwadhibu anayeharibu au kufuta data kwa nia ya kuzuia uchunguzi. Duka lenye utaratibu ulioandikwa, kwamba logi za makosa hufutwa baada ya siku 30, linaweza kueleza kwa nini za Januari hazipo. Duka ambalo fundi wake alifuta kila kitu usiku wa kuamkia siku ya wakaguzi litakuwa na maelezo magumu, hata kama kweli diski ilikuwa imejaa.

Uamuzi wenyewe hauhitaji shahada ya kompyuta. Unahitaji mwenye mali akae na mhasibu wake kwa saa moja, fundi akiwapo kujibu maswali na si kuamua. Waulizane kumbukumbu gani zingehitajika kama kesho mzigo wa thamani ungepotea, na kwa muda gani nyuma. Kama mali huhesabiwa kila robo mwaka, basi logi za kuingia, za kufuta risiti na za kubadili bei haziwezi kuwa na umri chini ya miezi minne. Miezi 12 ni bora. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ziliwawekea wenye mikahawa ya intaneti muda huo huo wa miezi 12 kwa rejesta za wateja na picha za kamera, na biashara yao ilikuwa ndogo kuliko duka la jumla. Makelele ya printa na mtandao yatupwe baada ya mwezi. Hali ya kutafuta kasoro izimwe siku ile ile fundi anapomaliza kazi, na malipo ya mwisho yangojee hapo.

Kuna jambo moja la kiufundi ambalo mwenye duka anapaswa kulishikilia hata kama fundi atanung'unika. Logi zisikae kwenye sehemu moja ya diski na mauzo. Zikitengewa sehemu yake, zikajaa, zitakazokwama ni logi na duka litaendelea kuuza. Zile zenye thamani ya ushahidi zinakiliwe kila usiku kwenye mashine nyingine ambayo keshia, meneja wa zamu na hata fundi hawana funguo zake. Anayeweza kuiba na kisha kufuta alama za wizi wake hajawekewa ulinzi wowote.

Mwekezaji mdogo naye asijione yuko pembeni. Aliyeweka akiba yake kwenye duka la shemeji Segerea ana haki ya kuuliza logi za kufuta risiti hukaa wapi na nani anazisoma, kama anavyouliza faida. Aliyenunua hisa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza mauzo Aprili 1998, amezoea kusoma gawio na kufunga kitabu. Mabenki yaliyoorodheshwa hapo yanaishi kwa seva. Kwenye mkutano mkuu wa mwaka ni halali kabisa mwanahisa asimame aulize mifumo ilisimama saa ngapi mwaka huo na kwa sababu gani. Swali hilo huulizwa mara chache mno, na wakurugenzi wanalijua hilo.

Kwa maduka, wakati mzuri wa kuanza ni kabla ya msimu wa mwisho wa mwaka, kaunta zinapozidiwa na logi zinapofura. Fundi aitwe mashine ikiwa nzima, diski ikiwa bado na robo ya nafasi yake. Aonyeshe kwa vitendo, mwenye duka akitazama, kwamba anaweza kutoa logi ya risiti moja iliyofutwa miezi mitatu iliyopita. Akishindwa, mkataba wake haujatimizwa.